Tiba za matatizo ya mkojo zipimwe kwa majaribio ya kweli hapa Nairobi

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua ili nizungumzie matangazo ya dawa za tezi dume na kibofu cha mkojo ambayo yamejaa jijini Nairobi, kwenye nguzo za stima, ndani ya matatu, katika vipindi vya redio vya usiku na, lazima niseme kwa heshima, katika kurasa za magazeti pia. Karibu kila tangazo hujengwa juu ya ushuhuda: mzee aliyekuwa akiamka mara nne au tano usiku kwenda msalani ametumia dawa hiyo kwa majuma machache, na sasa analala hadi alfajiri. Nimefanya kazi ya uuguzi katika jiji hili hadi nikastaafu, na kwa miaka mingi niliwahudumia wagonjwa wa njia ya mkojo, kwa hiyo sina sababu ya kudhani kwamba wazee hao wanadanganya. Ninachopinga ni ushuhuda huo kuuzwa kama uthibitisho, kwa kuwa utafiti wa kitabibu umeonyesha kwamba katika maradhi haya mtu anaweza kupata nafuu ya kweli hali dawa aliyoinunua haikuchangia chochote.

Dalili ninazozungumzia zinajulikana na kila familia yenye mzee: mkojo unaotoka kwa mkondo dhaifu au kwa kukatizakatiza, kusukuma kwa nguvu ili utoke, hisia kwamba mkojo haujaisha kibofuni, kwenda haja ndogo kila baada ya muda mfupi, kubanwa ghafla kiasi cha kushindwa kujizuia, na kuamka usiku mara kwa mara. Tangu mwaka 1992 watafiti wamekuwa wakizipima kwa maswali 7 ambayo kila moja hupewa alama kuanzia 0 hadi 5, hivi kwamba jumla haiwezi kuzidi 35. Mwenye alama 7 au chini huhesabiwa kuwa na dalili hafifu, kuanzia 8 hadi 19 ni dalili za wastani, na 20 kwenda juu ni dalili kali. Kipimo hicho hutegemea maneno ya mgonjwa mwenyewe, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, maana hakuna mashine inayoweza kusema jinsi mtu anavyoteseka. Hata hivyo, kwa sababu hiyohiyo, matumaini, hofu na wema wa anayekuhudumia vyote vinaweza kubadilisha alama.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mmea uitwao saw palmetto, mti mdogo wa jamii ya mitende unaoota kusini mashariki mwa Marekani, ambao dondoo la matunda yake limeuzwa kwa mamilioni ya wanaume kama tiba ya tezi dume. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililowahusisha wanaume 225 kwa mwaka mmoja. Waligawanywa kwa kura, baadhi wakapewa dondoo hilo na wengine kidonge kinachofanana nalo lakini kisicho na dawa ndani yake, ambacho katika barua hii nitakiita kidonge kitupu. Makundi hayo mawili hayakutofautiana. Waliotetea mmea huo walisema kwamba huenda kipimo kilikuwa kidogo mno, na hoja hiyo haikupuuzwa: jaribio lingine lilifanywa kwa wanaume 369 huko Amerika Kaskazini, kipimo kikaongezwa hatua kwa hatua hadi mara tatu ya kile cha kawaida, na wakafuatiliwa kwa majuma 72. Matokeo yake yalitolewa mwaka 2011. Waliotumia mmea walishuka kutoka wastani wa alama 14.42 hadi 12.22. Waliotumia kidonge kitupu walishuka kutoka 14.69 hadi 11.70.

Ningependa msomaji azitazame tena namba hizo. Wanaume waliomeza dawa walipata nafuu, na lau mmoja wao angehojiwa na mtangazaji wa redio, angesema kwa moyo mweupe kwamba dawa imemsaidia. Lakini wale waliomeza kidonge kisicho na kitu walipata nafuu isiyopungua ya wenzao. Sababu zake si za ajabu kwa mtu aliyewahi kufanya kazi kliniki. Dalili hizi hupanda na kushuka zenyewe, na mtu hutafuta tiba siku zikiwa zimefika kileleni, kwa hiyo hata asipofanya lolote huenda mwezi unaofuata ukawa na unafuu. Zaidi ya hayo, mtu aliyeanza tiba huanza pia kujichunga: hunywa chai kidogo jioni, hukumbuka kwenda msalani kabla ya kulala, na hupungukiwa na wasiwasi kwa sababu hatimaye kuna aliyemsikiliza. Pasipo kundi la kulinganisha hakuna njia ya kutenganisha mambo hayo na nguvu ya dawa yenyewe, hata kama mtafiti ni mwadilifu na mgonjwa ni mkweli.

Jambo la pili ambalo majaribio haya yametufundisha ni thamani ya muda. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia wanaume 3,047 wenye umri wa miaka 50 na zaidi kwa wastani wa miaka minne na nusu. Ulilinganisha dawa aina ya doxazosin, inayolegeza misuli ya tezi na shingo ya kibofu, dawa aina ya finasteride, inayopunguza ukubwa wa tezi, zote mbili kwa pamoja, na kidonge kitupu. Doxazosin ilipunguza hatari ya ugonjwa kuendelea kwa asilimia 39, finasteride kwa asilimia 34, na zikitumiwa pamoja, kwa asilimia 66. Hata hivyo, ilipoangaliwa hatari ya mkojo kuziba kabisa au mgonjwa kuhitaji upasuaji katika miaka hiyo yote, finasteride iliipunguza, peke yake au pamoja na mwenzake, ilhali doxazosin pekee haikufanya hivyo. Kwa maneno mengine, dawa inayompa mgonjwa nafuu ya haraka si lazima iwe ndiyo itakayomwepusha na kulazwa hospitalini akiwa na mpira wa mkojo. Utafiti wa miezi mitatu usingeweza kuliona jambo hilo, na ushuhuda wa majuma machache hauwezi kabisa.

Nigusie hapa hadhari moja ambayo wagonjwa wengi hawaambiwi: finasteride hupunguza kwa takriban nusu kiwango cha PSA, kile kipimo cha damu kinachotumiwa kuchunguza saratani ya tezi dume, na anayeitumia hana budi kumweleza daktari kabla ya kupimwa, la sivyo matokeo yanaweza kumpa faraja asiyostahili.

Je, majaribio yaliyofanywa Marekani na Ulaya yanatutosha? Yanatusaidia sana, na mimi si miongoni mwa wanaosema kwamba mwili wa Mwafrika una sayansi yake. Lakini washiriki wa tafiti kubwa nilizozitaja walikuwa kwa wingi wanaume weupe wanaoishi karibu na hospitali kubwa, wenye choo ndani ya nyumba. Mgonjwa wa Nairobi huja na historia nyingine. Anaweza kuwa na mrija wa mkojo uliosinyaa kwa sababu ya kisonono cha ujanani ambacho hakikutibiwa vizuri. Anaweza kuwa alikulia Tana River au Kwale na kuugua kichocho, ambacho huharibu kibofu chenyewe. Anaweza kuwa na kisukari ambacho hajakigundua, kinachomfanya akojoe sana usiku bila tezi kuwa na kosa lolote. Vilevile kuamka mara tatu usiku si jambo moja kwa anayeishi katika nyumba yenye choo karibu na kitanda na kwa mama wa Mathare au Mukuru anayelazimika kutoka nje gizani kwenda choo cha pamoja, akiogopa kushambuliwa, au kutumia ndoo chumbani mbele ya wanawe. Utafiti unaohesabu tu idadi ya safari hizo, bila kuuliza gharama na hatari yake, utapima nusu ya tatizo. Vivyo hivyo kwa dereva wa matatu aliyekwama kwenye msongamano wa Thika Road na kwa mlinzi wa usiku asiyeruhusiwa kuondoka langoni.

Hapa nafikia suala la mti wetu. Prunus africana, unaoitwa muiri na Wakikuyu na mwiria na Wameru, huota katika misitu ya Mlima Kenya, Aberdare, Mau na Kakamega, na magome yake yamekuwa yakitengenezewa dawa ya tezi dume barani Ulaya kwa zaidi ya miaka 50. Watafiti walipokusanya pamoja majaribio 18 ya dondoo la magome hayo, yenye jumla ya wanaume 1,562, walikuta kwamba waliolitumia walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara mbili wa kuripoti nafuu, na safari za usiku zilipungua kwa asilimia 19. Ni matokeo ya kutia moyo. Lakini waliokusanya tafiti hizo walitahadharisha wenyewe kwamba nyingi zilikuwa ndogo na za muda mfupi, na kwamba zilitofautiana katika dondoo lililotumika na katika namna ya kupima matokeo. Saw palmetto nayo iliwahi kusifiwa na tafiti ndogo za namna hiyo, kabla ya yale majaribio mawili niliyoyaeleza.

Inanisikitisha kwamba mti unaoota saa chache tu kutoka katikati ya Nairobi, ambao wauzaji wa miti-shamba wanauza unga wa magome yake kila siku, haujapewa hadi leo jaribio kubwa na la muda mrefu litakalomaliza ubishi. Jaribio hilo halihitaji miujiza. Litahitaji wanaume wenye dalili za wastani, wasio na damu katika mkojo, wasiowahi kuzibwa mkojo na wasio na dalili za saratani. Magome yatakayotayarishwa kwa kipimo kimoja kinachojulikana. Kidonge kitupu chenye rangi, harufu na uchungu uleule, kwa sababu anayejua ladha ya muiri atatambua mara moja kama amedanganywa. Na ufuatiliaji wa mwaka mmoja au zaidi, huku si mgonjwa wala anayempima akijua nani amepewa nini. Na itabidi watafiti waahidi kabla ya kuanza kwamba matokeo yatachapishwa, yawe yanapendeza au hayapendezi.

Kuna anayehusika asiyeweza kujisemea, nao ni mti wenyewe. Muiri ukichunwa magome kuuzunguka hukauka, na biashara ya kimataifa ya magome hayo iliongezeka kiasi kwamba tangu mwaka 1995 mti huu umo katika orodha ya mkataba wa CITES ya mimea ambayo biashara yake inadhibitiwa. Ikiwa magome hayazidi kidonge kitupu, basi tunaua misitu yetu na kuwamaliza wazee fedha bila sababu. Ikiwa yanazidi, kuna kila hoja ya kuwapa wakulima wa Nyeri, Meru na Kericho miche, kuweka kipimo rasmi, na kuiingiza dawa hiyo hospitalini kwa heshima zake. Katika hali zote mbili tutakuwa tumefaidika kwa kujua.

Utafiti, hata hivyo, si wa vidonge peke yake, na huenda faida kubwa kwetu iko mahali ambapo hakuna wa kuuza chochote. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vituo 30 vya madaktari wa jamii nchini Uingereza, uliowahusisha wanaume 1,077. Baadhi ya vituo viliendelea na huduma ya kawaida. Vingine vilimpa kila mgonjwa kijitabu cha maelezo, na muuguzi au msaidizi wake akamwonyesha sehemu zinazohusu dalili zake, yaani kuzoeza kibofu kusubiri, kupanga wakati wa kunywa maji, kupunguza chai na kahawa, mazoezi ya misuli ya nyonga, na namna ya kumalizia mkojo uliobaki kwenye mrija, kisha akawasiliana naye tena katika majuma yaliyofuata. Baada ya miezi 12, alama za kundi la kijitabu zilikuwa chini kwa pointi 1.81. Tofauti hiyo si kubwa, na sitaki kuitia chumvi. Lakini imetokana na kijitabu na muda wa muuguzi, haina madhara ya kushusha shinikizo la damu kama zilivyo baadhi ya dawa, na ni jambo ambalo zahanati yoyote ya Kayole au Dagoretti inaweza kulijaribu kesho ikiwa na mtu wa kuliratibu.

Kwa akina mama ushahidi ni mzito zaidi, na ni aibu kwamba hausikiki. Mwanamke anayevuja mkojo akikohoa au akinyanyua mtungi, hasa baada ya kujifungua mara kadhaa, mara nyingi huambiwa kwamba hiyo ndiyo hali ya uzazi. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliojumuisha majaribio 31 na wanawake 1,817 kutoka nchi 14 ulikuta kwamba miongoni mwa wenye tatizo hilo, asilimia 56 ya waliofundishwa mazoezi ya misuli ya nyonga walisema wamepona, wakilinganishwa na asilimia 6 ya ambao hawakufundishwa. Sijaona tangazo hata moja la mazoezi hayo kwenye matatu.

Kuna pia utafiti uliotuonyesha cha kuacha. Katika hospitali 26 za Uingereza, wanaume 820 waliokuwa wakifikiriwa kufanyiwa upasuaji waligawanywa, baadhi wakapimwa pia kwa kipimo cha mgandamizo wa kibofu kinachohitaji mirija na mashine ya bei ghali. Ilitarajiwa kwamba kipimo hicho kingepunguza upasuaji usio wa lazima. Asilimia 38 ya waliopimwa walipasuliwa, na asilimia 36 ya wasiopimwa. Kwa nchi ambayo mashine hizo ni chache, habari kwamba si kila mgonjwa anazihitaji ina thamani ya pekee.

Nimewahi kusikia wakubwa wa afya wakisema kwamba wanaume wa Kenya hawawezi kujitokeza kwa utafiti wa sehemu za siri. Historia yetu inakataa. Kuanzia mwaka 2002, vijana 2,784 wa Kisumu walikubali kugawanywa kwa kura ili ijulikane kama tohara hupunguza maambukizi ya virusi vya ukimwi. Jaribio likasimamishwa mapema mwezi Desemba 2006 kwa sababu faida ilikuwa imedhihirika, na miezi michache baadaye Shirika la Afya Duniani likatoa mapendekezo yaliyotegemea ushahidi wao. Hapa Nairobi, watu wa kujitolea wameshiriki majaribio ya chanjo ya ukimwi tangu mwaka 2001. Wataalamu tunao katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kamati za maadili zipo, na Bodi ya Famasia na Sumu ina mamlaka ya kuidhinisha majaribio ya dawa.

Watu watajitokeza wakiheshimiwa. Mzee anayeombwa kushiriki ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa kwamba huenda akapewa kidonge kitupu, kwamba anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa huduma yake ya kawaida, kwamba atatibiwa akipata madhara, na kwamba ataambiwa kilichogunduliwa. Ana haki pia ya kuhojiwa faraghani, na mtu ambaye hatamfanya aone haya. Kwa uzoefu wangu, wazee wengi humficha muuguzi mwenye umri wa binti yao jambo ambalo wangemweleza mhudumu mwanamume wa rika lao bila kusita. Nauli ya kuja kliniki na kurudi lazima ilipwe na mradi, kwa kuwa mtu wa kibarua akipoteza siku amepoteza chakula. Na mwanamume mwenye damu katika mkojo, homa, maumivu ya mgongo au mkojo uliokataa kabisa kutoka haingii katika jaribio lolote, kwani huyo anahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Ninaiomba Serikali ya Kaunti ya Nairobi na vyuo vyetu vya tiba vianze na mambo mawili: jaribio la kijitabu na muuguzi katika vituo vichache vya afya vya kaunti, kwa wanaume na wanawake, na jaribio la magome ya muiri kama nilivyolieleza. La kwanza ni la gharama ndogo na linaweza kuanza mapema. La pili litahitaji fedha za umma, kwa sababu kampuni inayouza magome tayari haina haraka ya kuyahoji.

Nawe, Mhariri, nina ombi moja kwako. Kila anayeleta tangazo la dawa ya tezi dume au kibofu katika gazeti hili aulizwe kwanza: dawa hii ililinganishwa na nini, kwa watu wangapi, kwa muda gani, na jaribio hilo lilisajiliwa wapi? Majibu yake yachapishwe ndani ya tangazo lenyewe, kwa herufi zenye ukubwa uleule wa jina la dawa. Akikosa majibu, pesa zake zirudishwe.

Muuguzi mstaafu,
Buruburu, Nairobi